Vipimo na chanjo kabla ya safari: usingoje wiki ya mwisho



 Leo tutazungumzia jambo linalowahangaisha wengi kila msimu wa Hija unapokaribia, na ambalo linawahusu pia wanaokwenda Umra, wanaopanda meli za kitalii na wanaowatembelea ndugu zao ughaibuni. Jambo lenyewe ni vipimo vya afya na chanjo ambazo msafiri hutakiwa kuzikamilisha kabla ya kuondoka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kituoni ni hili: "Daktari, mimi mzima. Nakula, nalala, naswali swala zote tano msikitini. Napimwa nini?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu la haki. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba kipimo cha safari kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwalinda wale utakaokuwa nao safarini. Ya pili ni kukulinda wewe mwenyewe. Lakini ni vyema ikaeleweka tangu mwanzo kwamba kazi hizi mbili hutimia pale tu msafiri anapopima mapema. Anayepima mapema hupata nafasi ya kutibiwa na kusafiri. Anayepima wiki ya mwisho hupata jibu la ndiyo au hapana tu, na likiwa hapana, hana tena la kufanya.

MAFUNZO KUTOKA MELINI

Sheria nyingi za afya ya safari zilianzia kwenye meli. Mwaka 1377 mji wa bandari wa Ragusa, ambao siku hizi unaitwa Dubrovnik, nchini Kroatia, uliamua kwamba anayetoka sehemu yenye tauni akae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye miji mingine ikazifanya siku hizo kuwa 40, na neno karantini tunalolitumia leo limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini.

Historia hii inatugusa Waislamu moja kwa moja, kwani wazee wetu wa pwani walikwenda Hija kwa vyombo vya baharini. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua maelfu ya mahujaji huko Hijaz. Waliosalimika wakaondoka nacho ndani ya meli mpaka Misri, na kutoka huko kikaingia Ulaya. Mwaka uliofuata, 1866, mataifa yalikutana Istanbul kulijadili suala hilo. Mwaka 1882 Dola ya Uthmaniya ikafungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran kwenye Bahari ya Shamu, ambako meli za mahujaji zilizotoka upande wa Bahari ya Hindi zilisimamishwa kabla ya kufika Jeddah. Kwa hiyo anayedhani kwamba vipimo vya mahujaji ni jambo jipya lililobuniwa juzi, ajue kwamba lina umri wa zaidi ya miaka 140.

Tuje sasa katika zama zetu. Mwezi Februari 2020 meli ya kitalii iitwayo Diamond Princess iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, baada ya abiria mmoja aliyekuwa ameshateremka Hong Kong kugundulika kuwa na UVIKO-19. Ndani ya meli mlikuwa na watu 3,711, abiria pamoja na wafanyakazi. Hatimaye watu 712 kati yao walikutwa na virusi. Sasa zingatia hapa, ndugu yangu: kati ya hao 712, watu 331 hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Hawakuwa na homa, hawakukohoa, walikuwa wakila na kulala kama kawaida. Kama kila mmoja wao angeulizwa, angejibu lile lile ninalojibiwa kituoni, "mimi mzima."

Hilo ndilo jibu la swali letu. Mtu anaweza kujiona mzima na huku amebeba maradhi ya kumdhuru mwenzake. Na meli, ndege, basi la mahujaji au hema la Mina ni mahali ambapo pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote.

DINI YETU ILITANGULIA

Waislamu wenzangu, jambo hili halipingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mtume (SAW) alitufundisha kwamba tukisikia tauni ipo katika nchi tusiingie, na ikitukuta tukiwa humo tusitoke kwa kuikimbia. Ukiyatafakari mafundisho haya utaona sehemu zote mbili za kinga zimo: kujilinda wewe usiingie katika hatari, na kuwalinda wengine usiwapelekee.

Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipokuwa akielekea Sham na kufika mahali paitwapo Sargh, alipata habari kwamba tauni imezuka huko. Akawataka ushauri Muhajirina, kisha Answari, kisha wakubwa wa Kikureshi, na mwisho akaamua kurudi. Abu Ubayda (RA) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari yake nyingine. Ndipo Abdur-Rahman bin Awf (RA) alipokuja na hadithi ile ya tauni, na Umar akamshukuru Mola wake kwa kuwa uamuzi wake umeafikiana nayo.

Tazama basi: khalifa na msafara wake wote waligeuza njia kwa sababu ya habari ya maradhi. Sisi tunaombwa kutoa tone la damu na kuchanjwa sindano moja, tunaona tumeonewa!

KIPIMO KINASEMA NINI NA HAKISEMI NINI

Miaka ya UVIKO-19 ilitupa darasa zuri la namna ya kusoma masharti ya safari. Nchini Marekani safari za meli za kitalii zilisimamishwa kwa amri ya serikali tarehe 14 Machi 2020. Zilipoanza tena katikati ya mwaka 2021, abiria walitakiwa kupimwa siku chache kabla ya kupanda. Mpango huo wa serikali ulifungwa tarehe 18 Julai 2022 na kila kampuni ikaachiwa ijiwekee masharti yake. Kwa upande wa Hija, mwaka 2022 Saudi Arabia iliruhusu mahujaji hadi milioni moja, wenye umri chini ya miaka 65, waliochanjwa, na waliotoka nje ya nchi walitakiwa kuwa na majibu ya kipimo cha PCR kilichofanyika ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka. Mwaka 2023 sharti la umri na la kipimo hicho viliondolewa.

Masharti hayo yamepita, lakini mambo matatu tuliyojifunza yanabaki, kwa sababu yanahusu kipimo chochote cha safari.

Kwanza, aina ya kipimo. Kipimo cha PCR hutafuta chembechembe za urithi za kirusi na kina uwezo wa kuona hata kiasi kidogo sana. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kirusi, hutoa jibu ndani ya nusu saa hivi, lakini huweza kumkosa mtu mwenye virusi vichache. Wapo waliopeleka karatasi ya kipimo cha haraka mahali palipotakiwa PCR, na karatasi yao haikuwafaa kitu. Kwa hiyo soma jina la kipimo kinachotakiwa, usitosheke na kusikia "kipimo."

Pili, hesabu ya muda. Aghalabu muda huanza kuhesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, wala si tangu karatasi ya majibu ilipochapishwa. Tena kuna tofauti kati ya "saa 72" na "siku 3." Tuseme ndege yako inaondoka Jumamosi saa nne usiku. Ukiambiwa saa 72, sampuli isichukuliwe kabla ya Jumatano saa nne usiku. Ukiambiwa siku 3, Jumatano asubuhi inatosha. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini kwenye dawati la uwanja wa ndege ndiyo huamua nani anapanda na nani anarudi nyumbani na mizigo yake.

Tatu, kipimo ni picha ya saa ile. Aliyepimwa Jumatano akaonekana hana maradhi anaweza kuambukizwa Alhamisi kwenye shughuli ya kumuaga. Na kinyume chake, aliyepona UVIKO-19 anaweza kuendelea kuonekana anavyo virusi kwa wiki kadhaa katika kipimo cha PCR, hali haambukizi tena. Ndiyo maana masharti mengine yaliruhusu barua ya daktari kwa aliyepona karibuni. Basi siku za kungojea safari punguza mikusanyiko, nawa mikono, na ukijisikia vibaya sema, hata kama karatasi yako ni safi.

Kwa wanaopanda meli za kitalii siku hizi, kampuni nyingi hazidai tena kipimo cha UVIKO-19. Lakini zipo fomu za afya zinazojazwa kabla ya kupanda, ambazo huuliza hasa juu ya kutapika na kuharisha, kwa sababu maradhi ya tumbo husambaa haraka sana melini. Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito aliyefikia wiki 24. Na meli inayopita katika bandari za nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano humtaka abiria awe na cheti chake. Jibu fomu hiyo kwa ukweli, kwani ni ushahidi unaoutoa.

CHANJO ZA HIJA NA UMRA

Masharti ya Hija hutangazwa na Wizara ya Afya ya Saudi Arabia na huweza kubadilika kila msimu. Kwa hiyo haya yafuatayo yachukue kama msingi, kisha uthibitishe orodha ya msimu wako kwa taasisi inayokusafirisha na kwenye kituo cha chanjo za wasafiri.

(i) Homa ya uti wa mgongo. Chanjo hii ni ya lazima, na inayotakiwa ni ile ya aina nne, yaani A, C, W na Y. Sababu yake ni kwamba ugonjwa huu ulizuka kwa mahujaji mwaka 1987, kisha mwaka 2000 na 2001 aina ya W135 ikawapata mahujaji na familia walizorejea kwao katika nchi mbalimbali. Chanjo itolewe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Zipo aina mbili za utengenezaji: moja cheti chake hukubaliwa kwa miaka 3, na nyingine kwa miaka 5. Hakikisha anayekuchanja ameandika aina hiyo kwenye cheti. Isipoandikwa, utahesabiwa miaka 3 tu, hata kama uliipata ile ya miaka 5.

(ii) Homa ya manjano. Chanjo hii hutakiwa kwa wanaotoka katika nchi zilizo kwenye orodha ya hatari ya ugonjwa huo au waliopitia huko. Cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hiki ni cha maisha. Basi mwenye kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 hana haja ya kuchanjwa upya kwa sababu ya tarehe hiyo. Aitunze kadi yake. Lakini ielewekea kwamba chanjo hii imetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwenye miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye mzio mkali wa mayai, na mwenye kinga iliyoshuka kwa maradhi au kwa dawa, ni lazima aseme kabla ya kudungwa. Ikionekana haimfai, daktari humwandikia cheti cha msamaha, naye aulize mapema kama nchi anayokwenda itakikubali.

(iii) Polio. Wasafiri wa baadhi ya nchi hutakiwa kuwa wamechanjwa ndani ya miezi 12 iliyopita na si chini ya wiki 4 kabla ya safari, hata wakiwa watu wazima waliokwishachanjwa utotoni. Hii ndiyo inayowashtua wengi, maana wiki 4 hazinunuliki.

(iv) Homa ya mafua. Chanjo hii hushauriwa, hasa kwa wazee, wenye kisukari, pumu na maradhi ya moyo.

Sasa jumlisha mwenyewe. Chanjo moja inataka wiki 4, nyingine siku 10. Anayefika kituoni akiwa amebakiwa na siku sita, hakuna daktari duniani anayeweza kumrudishia siku zile nne zilizopungua.

VIPIMO VYA MWILI WAKO MWENYEWE

Hapa ndipo kwenye kazi ya pili ya kipimo, na ndipo wanapofichana watu. Hija ni ibada ya mwili. Hujaji hutembea kilomita nyingi, husimama, husukumana, hulala kwa muda mfupi, tena mara nyingi katika joto kali. Msimu wa Hija wa mwaka 2024 joto katika Msikiti Mtukufu wa Makka lilifikia nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa ni watu walioingia bila kibali na kutembea masafa marefu juani pasipo kivuli wala mapumziko. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo wazee na wenye maradhi sugu.

Kwa sababu hiyo, masharti ya afya yaliyotangazwa kwa Hija za miaka ya karibuni yanataja hali ambazo mwenye nazo haruhusiwi kusafiri. Miongoni mwake ni figo zilizoshindwa kiasi cha kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, moyo ulioshindwa kufanya kazi hata mgonjwa akiwa ametulia, mapafu yanayohitaji oksijeni, ini lililoharibika sana, saratani iliyo katikati ya matibabu makali, kupotewa na kumbukumbu kwa uzee, ujauzito wa miezi ya mwisho au wenye hatari, na kifua kikuu kinachoambukiza.

Soma orodha hiyo tena, utaona haimtaji mwenye presha anayemeza dawa zake, wala mwenye kisukari kilichodhibitiwa. Hawa wanasafiri, na wanahiji, na wanarudi salama kwa uwezo wa Allah. Basi kwa nini wafiche? Nimewahi kumpokea mzee aliyeficha kisukari chake kwa miezi yote ya maandalizi, akiogopa jina lake lisikatwe. Hakumeza dawa mbele ya wenzake, hakupima, na alipoletwa kwetu sukari ilikuwa imepanda mno na kidonda cha kidole cha mguu kimeshaoza. Maradhi yenyewe yasingemzuia. Kilichomzuia ni kidonda kilichokua gizani.

Vipimo ninavyomshauri kila anayetia nia, hasa aliyevuka miaka 40, ni hivi: presha, sukari, pamoja na kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, utendaji wa figo, wingi wa damu, na moyo kwa mwenye maumivu ya kifua au anayehema akipanda ngazi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetokwa jasho usiku au anayepungua mwili, apimwe makohozi. Kifua kikuu kinatibika, matibabu ya kawaida ni miezi 6, na dawa zake hutolewa bure hapa nchini. Aliyegundulika mapema humaliza dawa na kusafiri. Aliyejificha huwaambukiza wenzake ndani ya chumba kimoja huko Makka.

Akina mama nao wana yao. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apime ujauzito kabla ya chanjo ya homa ya manjano. Na wale wanaotaka vidonge vya kuchelewesha hedhi wasinunue tu dukani kwa kuambiwa na shoga yake. Vidonge hivyo havimfai kila mwanamke, hasa mwenye presha ya juu au aliyewahi kuganda damu mguuni. Mwanamke ana haki ya kuomba apimwe na mtoa huduma mwanamke, aombe bila kuona haya.

Wengine huuliza kuhusu kupimwa wakiwa wamefunga. Kutoa damu kidogo kwa ajili ya kipimo, kwa kauli ya wanazuoni wengi, hakufunguzi. Tena kipimo cha sukari kinachotaka mtu asile kwa saa 8 kinaendana vizuri na saumu: ukishaacha kula baada ya daku, adhuhuri au alasiri unapima.

KADI YA KUNUNUA

Kuna jambo zito ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Wapo watu wanaouza kadi za chanjo zilizojazwa na kupigwa muhuri bila sindano, na wapo Waislamu wanaozinunua wakiwa njiani kwenda kutafuta msamaha wa Mola wao. Ndugu yangu, muhuri hauzuii bakteria. Mwenye kadi ya uongo anaingia katika umati wa mamilioni akiwa hana kinga, na akiuchukua ugonjwa wa uti wa mgongo atawarudishia wajukuu zake. Watoto wadogo nyumbani ndio ambao ugonjwa huu huwaua haraka.

Hilo ni kwa upande wa afya. Kwa upande wa dini, huo ni ushahidi wa uongo, ni kuwahadaa wenyeji wako, na ni kuvunja makubaliano ya viza uliyoyaridhia. Mtu hujihangaisha kutafuta pesa ya halali kwa ajili ya Hija kwa miaka kumi, kisha akaichafua safari kwa karatasi ya siku moja?

UKIKUTWA NA TATIZO

Msomaji anaweza kusema: "Sawa, nimepima mapema, nimekutwa siruhusiwi. Nifanye nini na nia yangu?"

Kwanza, usijione umefeli. Mwenyezi Mungu amefaradhisha Hija kwa mwenye uwezo wa kuiendea, na wanazuoni wetu wamefundisha kuwa afya ya mwili imo ndani ya uwezo huo kama ilivyo mali na usalama wa njia. Asiyekuwa nao kwa sasa, faradhi haijamlazimu kuitekeleza kwa mwili wake kwa sasa.

Pili, tenganisha maradhi yanayotarajiwa kupona na yasiyotarajiwa. Mwenye kifua kikuu, mjamzito, au mwenye sukari iliyopanda, atibiwe au ajifungue, asafiri msimu mwingine. Mwenye maradhi au uzee usiotarajiwa kuondoka na ana mali, amwendee sheikh wake aulize juu ya kuhijiwa na mtu mwingine aliyekwisha kujihijia mwenyewe. Mtume (SAW) alimruhusu mwanamke wa kabila la Khath'am amhijie baba yake mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando. Hukumu ya mtu binafsi ni ya mwanazuoni, mimi kazi yangu ni kumwambia mwanazuoni hali ya mwili ilivyo.

Tatu, fedha. Kabla ya kulipa, soma mkataba wa taasisi inayokusafirisha. Uliza: nikikataliwa kwa sababu za kiafya, narudishiwa kiasi gani? Naweza kusogezwa mwaka unaofuata? Mwisho wa kujitoa ni lini? Pata majibu hayo kwa maandishi. Familia nyingi huingia katika ugomvi si kwa sababu ya maradhi, bali kwa sababu hakuna aliyeuliza.

RATIBA YA KAYA

Baba, mama na vijana, ikateni sehemu hii muibandike ukutani.

1. Miezi 6 kabla: vipimo vyote vya mwili. Anza au rekebisha dawa. Anza kutembea kila siku baada ya Alfajiri, kidogo kidogo, ili miguu izoee.

2. Miezi 3 kabla: rudia presha na sukari. Omba barua ya daktari inayotaja maradhi yako na majina ya dawa zako. Hakiki pasipoti na kadi za chanjo: majina na tarehe ya kuzaliwa vilingane herufi kwa herufi.

3. Miezi 2 kabla: kamilisha chanjo zote zilizotangazwa kwa msimu wako. Usingoje kikomo cha siku 10, maana chanjo huweza kuisha kituoni.

4. Wiki 2 kabla: uliza tena kama kuna sharti jipya. Likiwapo la kipimo chenye kikomo cha saa, hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya ndege, kisha uliza maabara majibu hutoka baada ya muda gani.

5. Siku ya safari: vyeti halisi viwe kwenye begi la mkononi, nakala kwenye begi jingine, na picha zake kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Dawa ziwe kwenye maboksi yake, za kutosha safari nzima na akiba ya wiki moja. Insulini isiwekwe kwenye mzigo unaoshushwa chini ya ndege, huweza kuganda ikaharibika.

6. Ukirudi: ukipata homa, shingo ikakaza au ukakohoa, nenda kituoni na useme umetoka safari. Neno hilo moja humsaidia sana anayekutibu.

Kijana uliyemchangia mama yako nauli ya Hija, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Lakini mchango wako haujakamilika mpaka umemshika mkono ukampeleka kupima, ukakaa naye kwenye benchi, ukasikia majibu pamoja naye, na ukahakikisha dawa anazimeza. Fanya hivyo miezi sita kabla, wala usifanye siku sita kabla.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape afya waliotia nia, awaponye wagonjwa wetu, na awajaalie wanaosafiri waende kwa salama na warudi kwa salama. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum.